Chuma kidogo cha ukutani

Goma, Kivu Kaskazini. – Mara nyingi ninawaletea habari za barabara, za maji na za bei ya sokoni. Leo ninawaletea habari ya nyuma ya nyumba yangu, ambako kila siku ya posho mchana ninawasha moto na kufua chuma.

Mimi si mfua chuma wa kazi. Silishi watoto kwa nyundo. Ninatengeneza vitu vidogo vya kupamba nyumba: kulabu za ukutani, majani ya chuma ya kufungia funguo, vinara vya mishumaa, mara moja moja bangili. Hapa kartieni wengine wanasema huo ni mchezo wa mtu mzima. Ninawaacha waseme.

Mwalimu wangu ni mzee mmoja aliyekimbia kutoka Masisi. Kule kwao alikuwa anafua majembe na miundu, kama baba yake. Siku ya kukimbia, familia ilibeba godoro, sufuria na mtoto mdogo. Fuawe ilibaki. Aliniambia, «Mwanangu, nani atabeba chuma kizito vile mgongoni huku risasi zinalia?» Sasa analala yeye na wajukuu katika chumba kimoja cha jamaa, na hakuna mahali pa kuwasha moto wa kufulia. Mimi nilikuwa na uwanja, na tangu utoto nilikuwa na hamu ya kujua chuma kinavyokunjwa. Basi tukapatana: mimi nitoe uwanja, yeye atoe elimu.

Vyombo vyetu vyote ni vya kuokota na vya kununua kwa wauza vyuma vikuukuu. Jiko ni janti ya gari dogo tuliyoipaka udongo ndani, na bomba la chuma linapitisha upepo kutoka chini. Zamani wazee walitumia mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Sisi tuna gurudumu la baiskeli linalozungusha feni kwa mkanda wa mpira, na watoto wanagombania kulizungusha. Fuawe yetu ni kipande cha ekseli ya lori kilichosimikwa katika gogo. Mawe ya volkano hatukuyaweka karibu na moto, ingawa hapa Goma ndiyo tunayoyakanyaga kila siku. Mzee alikataa: jiwe lililokunywa maji likipata moto mkali linaweza kupasuka na kurusha vipande usoni.

Kitu cha kwanza alichonifundisha ni kusoma rangi. Chuma kikiwa chekundu cha giza, usikipige sana, bado kigumu. Kikifika rangi ya chungwa lililoiva, hapo kinatii. Kikiwa manjano karibu na weupe na kuanza kutoa cheche, kinaungua, na kilichoungua hakirudi. Kwa hiyo jiko tunaliweka kivulini: kwenye jua kali macho hayaoni rangi hizo vizuri.

Siku moja mama jirani, ambaye naye alihama na watoto wake watano, alisimama kando ya jiko akatazama. Kisha akaniuliza: «Baba, sisi tunatafuta makala ya kuivisha maharagwe, na wewe unayachoma kwa kutengeneza majani ya kuchezea?»

Swali hilo lina haki. Sehemu kubwa ya makala tunayochoma mjini humu inatoka katika misitu ya Hifadhi ya Virunga, na kila gunia ni mti uliokatwa. Na mwenye njaa akiona moto usio na sufuria juu yake, lazima aulize. Nilizungumza na mzee, tukajiwekea kanuni. Tunawasha moto mara moja tu kwa juma. Vyuma vyote vinakatwa na kupimwa kabla ya kuwasha. Makala tunayapasua vipande vidogo, na pembeni tunanyunyiza maji kidogo ili moto ubaki katikati. Tukimaliza kufua, makaa yanayobaki ni ya mama: analeta sufuria yake ya maharagwe, nayo inaivia palepale uwanjani.

Lakini swali lake lilikuwa na upande wa pili: je, mtu aliyepoteza nyumba ana haja gani na pambo? Hapo mzee ndiye aliyejibu. Alisema kwamba kwao mfua chuma hakufua majembe peke yake. Jembe lilifuliwa kwa ajili ya shamba, bangili kwa ajili ya bibi arusi, na mkono uliofanya kazi zote mbili ni mmoja.

Nchi yetu yote inamshuhudia. Kule Katanga, kando ya ziwa Kisale, katika makaburi ya kale ya Sanga, wachunguzi walikuta mapambo ya chuma na ya shaba yaliyozikwa pamoja na wenyewe zaidi ya miaka 700 iliyopita. Wanawake wa Kiluba walikuwa wakichomeka katika nywele pini za chuma zenye umbo la fuawe ndogo. Kwa Wakuba, sanamu ya mfalme mmoja ilichongwa ikiwa na fuawe mbele yake, kwa sababu mfalme huyo alisifika kwa ufundi wa chuma. Watu hao nao walijua njaa na vita, na bado walitenga chuma kidogo kwa ajili ya uzuri.

Baada ya majuma machache yule mama alirudi na ombi. Chumba anachopanga kina sakafu ya udongo, na mvua ikinyesha maji yanaingia chini ya mlango. Mfuko wake wa karatasi, wenye kadi ya mpiga kura na matokeo ya shule ya watoto, ulikuwa unalala chini. Alitaka kulabu. Mzee akamuuliza, «Mama, nikufulie jani gani?» Akafikiri kidogo, akasema: «La maharagwe. Kama yale ya shamba letu.»

Kwa wanaotaka kujaribu, hivi ndivyo ilivyofanyika. Tulichukua chuma cha beto cha milimita 8, urefu wa shibiri moja na nusu hivi. Ncha ya kwanza tuliipasha moto na kuichonga kwa nyundo kama ncha ya penseli. Nyuma kidogo ya ncha hiyo tukapiga juu ya ukingo wa fuawe, chuma kikiwa kinageuzwa, hadi pakawa na shingo nyembamba. Sehemu iliyo mbele ya shingo ikabandazwa ikawa jani, na mishipa yake tukaichora kwa tindo, moto ukiwa umepungua. Upande wa pili tukauchonga mwembamba, kisha tukaukunja uwe kulabu. Katikati tulipasawazisha kwa nyundo na kutoboa matundu mawili ya misumari. Mwisho, chuma kikiwa bado na joto lakini si chekundu, tulikisugua kwa nta ya nyuki ili kutu isikipate upesi. Jani la maharagwe huwa na vijani vitatu pamoja. Mzee alimfulia kimoja, kwa sababu chuma kilikuwa kidogo.

Kulabu hiyo iko ukutani kwake sasa. Mbao za ukuta si zake, na mwenye nyumba anaweza kumwambia atoke mwezi wowote. Misumari miwili inang'oka, na kulabu itaingia mfukoni pamoja na karatasi.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa wazazi, kwa sababu kuna mambo ambayo hayana mzaha.

La kwanza: tusiwashe makala ndani ya chumba au ndani ya hema, hata wakati wa baridi. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Jiko la kufulia linakaa nje, penye upepo.

La pili: bati, waya wa seng'enge na bomba lolote linalong'aa kwa kupakwa zinki havitiwi motoni. Moshi wake mweupe unaleta homa, kutetemeka na kifua kubana. Na chombo chochote kilichofungwa pande zote, kama amotisa ya gari au chupa ya gesi, kinaweza kulipuka kikipata moto.

La tatu ndilo linalonitia hofu zaidi. Mashamba yetu yamejaa vyuma vya vita. Watoto wanaona vinang'aa, wanafikiri ni mali ya kuuza kwa mfua chuma. Hapa kwangu kuna sheria moja: chuma ambacho hatujui kilikuwa sehemu ya nini hakikaribii jiko. Risasi, ganda la bomu, gurunedi, hata kilichoonekana kizee na chenye kutu, kinaweza kuwa hai. Ukikiona usikiguse, usikitupie jiwe. Rudi kwa njia uliyoijia, wazuie wengine, na umpashe habari kiongozi wa mtaa. Mzee wangu, ambaye amefua chuma maisha yake yote, akiona kitu kama hicho anaondoka mbio kama mtoto, na haoni haya.

Mtaniuliza kama kazi hii inaleta pesa. Kidogo sana. Tumeuza vinara kadhaa, na pesa hizo mzee alinunua unga na daftari za wajukuu. Hatujafika mbali. Kilichobadilika ninakiona kwa namna watoto wa uwanjani wanavyomwita. Alipofika walisema «yule mukimbizi wa Masisi». Siku hizi wanamwita «Fundi», na akichelewa siku ya posho wanakwenda kumchukua nyumbani kwake. Wavulana wawili na msichana mmoja tayari wanaweza kufua jani bila kusaidiwa.

Ndugu zangu, kati yenu mnaosikiliza kuna wafua chuma, wasusi wa vikapu, wafinyanzi na washoni waliokimbia bila vyombo vyao. Na kati yenu wenyeji kuna wenye uwanja mtupu nyuma ya nyumba. Ombi langu ni dogo. Mwenye uwanja amuulize mgeni wake alikuwa anafanya kazi gani kule kwao. Mgeni asione haya kujibu, na watoto wakae karibu watazame. Wazee wanaojua kazi hizi hawatakuwa nasi siku zote, na mzee wangu anasema mkono wake wa kulia umeanza kuchoka.