Kinanda Bila Karatasi: Jioni Moja Mpanda

Ndugu msomaji, ukipanda treni ya Mpanda pale Tabora, chukua blanketi na subira. Kutoka Kaliua reli huiacha njia ya Kigoma, ikavuka mto Ugalla na kupenya misitu ya miombo kwa kilomita zipatazo 210. Ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulikufa zamani. Reli ikabaki na abiria na mizigo yao.

Nilitumwa kuandika juu ya viboko wa Sitalike, mlangoni mwa Hifadhi ya Katavi iliyoanzishwa mwaka 1974. Nimewaona, wamebanana katika tope la mto Katuma kama abiria wa daraja la tatu, nami sina la kuongeza. Nitakueleza badala yake lililonipata mjini, Makanyagio.

Mimi nilijifunza kinanda kwa noti, mbele ya mwalimu aliyeshika rula. Hata leo naweza kumpiga Bach bila kukosea, mradi karatasi iwe mbele yangu. Mwenyeji wangu alipolisikia hilo alinipeleka kwa mzee mmoja wa gitaa la solo, aliyezunguka na bendi za dansi ujanani. Uani palikuwa na kinanda cha umeme. Mzee akaanza kupiga, akaniambia, "Haya mwanangu, ingia."

Nikauliza karatasi iko wapi. Watoto wakaangua kicheko. Vidole vyangu viliganda. Miaka 20 ya mazoezi ikawa bure mbele ya kuku na watoto.

Bendi zetu tuliziita jazz: Tabora Jazz, Morogoro Jazz, na Western Jazz iliyobeba jina la upande huu wa nchi, ingawa zilipiga rumba kuliko muziki wa New Orleans. Lakini jambo moja la jazz zililishika: mwimbaji hunyamaza, na mpiga solo akabuni papo hapo. Kule Marekani mpiga piano huuzunguka mpango wa blues wa vipimo 12, mkono wa kushoto ukilinda njia, wa kulia ukizungumza. Naye Bach mwenyewe, mwaka 1747 huko Potsdam, alipewa sauti chache na Mfalme Frederick akazibunia muziki pale pale. Mwalimu wangu wa rula hakunieleza hilo!

Mzee aliniachia noti tatu tu. "Imba kwanza, kisha uzitafute. Usichoweza kukiimba, usikipige." Nilipojaza kila nafasi alinishika mkono: wengine nao wanataka kupumua. Kisha akauliza, "Umesafiri usiku kucha. Treni ilikuwa inasema nini?"

Nikaimba kwa aibu mapigo ya magurudumu kwenye maungio ya reli. Nikayapiga. Nikayarudia, nikiyachelewesha kidogo. Gitaa likajibu. Tukaendelea hivyo hata adhana ya isha. Nilikosea mara nyingi, na kila nilipokosea mzee alilichukua kosa langu, akalirudia mara mbili, mpaka likasikika kama lililokusudiwa.

Wakati wa kuagana alinitaka nimwachie daftari langu la noti. Nikamwambia nalihitaji Jumapili kanisani.

"Basi," akasema, "safari ijayo liache Kaliua."