Kutoka Ndeeba hadi Eneo la Viwanda: Safari ya Kutafuta Meza ya Jikoni

Ndeeba iko kandokando ya barabara iendayo Masaka, si mbali na Lubiri, kasri ya Kabaka wa Buganda. Mgeni aingiaye Kampala kwa njia hiyo huisikia Ndeeba kabla ya kuiona: misumeno hulia tangu alfajiri, na upepo huchukua unga wa mbao hadi machoni mwa wapita njia. Hapa ndipo wakazi wengi wa mji huu hujia mbao, misumari na saruji.

Jumamosi moja, mama mmoja na mumewe walishuka hapo wakiwa na kamba yenye mafundo mawili. Kamba hiyo ilikuwa kipimo cha jiko lao: urefu wa meta 2.4. Meza ya zamani, ya maranda yaliyogandishwa kwa gundi, ilikuwa imelowa karibu na sinki, ikafura na kubomoka. Fedha walizokuwa nazo ni akiba ya miezi minane, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Chochote ambacho kingezidi akiba hiyo kingetoka katika karo ya watoto.

Mume alitamani itale nyeusi ing'aayo, kama aliyoiona nyumbani kwa mkubwa wake wa kazi. Mke alitaka meza isiyodhuriwa na sufuria.

“Nnyabo, chukua mvule,” mwuza mbao alisema. “Mchwa hauli mvule.”

Maneno yake hayakuwa ya biashara tu. Kiini cha mvule hustahimili mchwa na kuoza, na kwa sababu hiyo milango na samani nyingi za Uganda zilifanywa kwa mti huo. Lakini mvule umekatwa mno, na kila upunguapo bei hupanda. Aidha, mbao iliyo karibu na maji hudai kupakwa mafuta mara kwa mara, na sufuria iliyotoka motoni huiachia duara jeusi lisilotoka.

Duka la pili lilikuwa la saruji na vigae. Saruji ya Tororo, mji wa mashariki ulio karibu na mpaka wa Kenya, imekuwa ikijenga nchi hii tangu miaka ya 1950. Kwa wenye kipato cha kadiri, bamba la saruji lililolazwa juu ya nguzo za matofali na kufunikwa vigae ndilo rahisi kuliko yote. Ila yake ni viungo baina ya vigae. Utomvu wa matoke na mafuta ya kupikia hupenya humo, na kabla ya mwaka kwisha mistari myeupe imekuwa myeusi. Terazo, yaani vipande vya mawe vilivyochanganywa na saruji na kusuguliwa hadi vikalainika, haina viungo hivyo; lakini maji ya limau huila saruji polepole.

Kutoka Ndeeba walipanda teksi hadi Eneo la Viwanda, kwenye karakana ya mawe. Huko walijifunza kwamba si kila jiwe ling'aalo hufaa jikoni. Marumaru ni jamaa ya chokaa: tone la limau au siki likiachwa juu yake huacha doa lililofifia. Itale haijali limau, wala kisu, wala sufuria ya moto. Hata hivyo, meza nzima ya kipimo chao, yenye upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 3, ingekuwa na uzito wa zaidi ya kilo 110, na bei yake ingemeza karo yote.

Nyuma ya karakana kijana alikuwa akikata jiwe pasipo maji, nyusi zake nyeupe kama za mtu atokaye kinuni. Vumbi lile si la kuoshwa kwa sabuni tu. Ndani ya itale mna kwatsi, na unga wake mwembamba ukivutwa kwa miaka huyafanya mapafu kuwa magumu, maradhi yasiyo na tiba ya kuyaondoa. Australia ilipiga marufuku mawe ya kutengenezwa viwandani, yenye kwatsi nyingi zaidi, tangu tarehe 1 Julai 2024, baada ya wafanyakazi wengi kuugua.

Mwisho, fundi mkuu aliwaonyesha kipande cha itale kilichobaki katika kazi ya mtu mwingine, cha urefu wa sentimita 90. Kiliwatosha upande wa sinki na jiko. Sehemu iliyosalia wangeijenga kwa saruji na vigae vipana, ili viungo viwe vichache, na ubao mdogo wa mvule ungetumika kukatia nyama na mboga.

Kijana alipoinua msumeno, mama alimzuia.

“Mwanangu, kikate kwa maji. Nitangoja.”

Alingoja zaidi ya saa moja.

Ni vema basi kwa kila mwenye nyumba, kabla ya kufungua mkoba, ajiulize ni kitu gani humwagika juu ya meza yake kila siku, kisha aulize vipande vilivyobaki kabla ya kuagiza jiwe zima. Wageni wa nyumba ile hawaisifu meza hiyo kwa kung'aa. Lakini shule zilipofunguliwa, karo ilikuwapo.