Boksi la Taa la Kukopia Maua: Ununue au Utengeneze?

Wengi mmezoea nizungumze nanyi kuhusu mchicha, kuku na dawa za wadudu. Leo tutoke shambani kidogo. Masika ikifika, Machi hadi Mei, mabonde yetu huku Temeke hujaa maji na matuta ya mboga hulala. Akina mama wa kikundi kimoja ninachokihudumia huwa hawakai bure miezi hiyo. Wanadarizi mashuka na foronya, wanauza kwa maharusi na kwa wafanyabiashara wa mtaani. Hela hiyo ndiyo inayonunua mbegu maji yakipungua.

Tatizo lao lilikuwa kuhamisha ua kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kitambaa. Ukichora kwa kukisia, ua la foronya moja halifanani na la nyingine, na mteja analiona hata kabla hujamaliza kulikunjua. Karatasi ya kaboni nayo, ukiegemeza kiganja tu, shuka jeupe limeshapata madoa. Ndipo mimi, bwana shamba wao, nikawaambia kuna kifaa kinaitwa boksi la taa. Taa iko chini, kioo kiko juu. Unaweka mchoro juu ya kioo, kitambaa juu ya mchoro, mistari inaonekana, nawe unaifuatisha kwa penseli.

Hapo nilikosea mara mbili, na ninakueleza ili hela yako isipite njia ileile.

Kosa la kwanza: kikundi kilitoa shilingi 65,000 kwenye akiba ya mbegu, nikaenda Kariakoo kununua ubao wa taa za LED. Ni mwembamba, unatumia waya kama wa kuchajia simu. Muuzaji alisema ni saizi ya A4, nikaitikia bila kupima. A4 ni sentimita 21 kwa 29.7, yaani karatasi ya kawaida ya stesheni. Ua lao la katikati ya shuka lilikuwa na upana wa sentimita 45. Mweka hazina aliugeuzageuza ule ubao, akasema, "Bwana shamba, hiki ni cha mtoto wa chekechea." Hakuna aliyecheka.

Kosa la pili lilitokana na aibu ya la kwanza. Niliunda boksi la plaiwudi kwa mikono yangu, nikaliziba pande zote, nikafunga ndani balbu ya zamani ya wati 60 na kuweka juu kioo chembamba cha dirisha. Balbu ile sehemu kubwa ya umeme wake huishia kuwa joto, siyo mwanga, na joto lile halikuwa na pa kutokea. Haikupita nusu saa kioo kikapasuka. Namshukuru Mungu hakuna aliyekatika mkono. Lakini shuka lilichanika, nalo lilikuwa la mteja, na harusi ilikuwa Jumamosi.

Nilinunua kitambaa kingine kwa mshahara wangu. Akina mama wawili wakadarizi usiku hadi Ijumaa. Walipomaliza, mama mmoja mtu mzima akaniambia kwa upole, "Mwanangu, sisi zamani tulikuwa tunabandika dirishani. Ungetuuliza."

Maneno yale yaliniingia. Chuoni nilifundishwa kwamba mbegu mpya unaijaribu kwanza kwenye kipande kidogo kabla ya kumshauri mkulima apande shamba zima. Kwa mchicha nafanya hivyo kila siku. Kwa sindano na uzi nilisahau, kwa sababu sikuona kama ni kilimo. Lakini hela iliyopotea ilikuwa ya mbegu.

Basi fuata utaratibu huu, ambao sasa tumeujaribu.

1. Anza na dirisha. Mchana, safisha kioo, bandika mchoro kwa selotepu, kisha kitambaa juu yake. Mistari ya mchoro iwe mizito na myeusi. Gharama ni selotepu tu. Usipoona mistari hata jua likiwa kali, kitambaa hicho ni kizito au cheusi mno, na usitegemee boksi la taa likusaidie. Poplini nyeupe hupitisha mwanga vizuri. Kaniki haipitishi, hiyo ichore kwa chaki ya fundi cherehani.

2. Pima ua lako kubwa kuliko yote. Ukubwa wa boksi unatokana na ua, siyo shuka zima. Mchoro unaojirudia unaweza kuusogeza kidogo kidogo, mradi uweke alama kwenye pembe.

3. Ukitengeneza, tumia taa za mkanda za LED za volti 12 na adapta yake. Usiweke balbu ya zamani. Boksi letu ni sentimita 50 kwa 60, kina sentimita 12. Ndani tumepaka rangi nyeupe, ubavuni tumetoboa matundu ya hewa. Kioo ni cha milimita 6, na fundi amesaga kingo zake. Chini ya kioo tumebandika karatasi nyeupe nyepesi ili mwanga usambae. Umeme aunganishe fundi umeme. Usiegemee kioo kwa kiwiko.

4. Nunua la dukani kama maua yako ni madogo, au kama umeme unakatika mara kwa mara, maana ubao ule unawaka hata kwa pawabanki. Nenda dukani na mchoro wako mkononi, uulaze juu yake kabla ya kulipa.

5. Chora kwa penseli kwa mkono mwepesi. Kalamu ya wino usiiguse. Jaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa, ukifue, uone kama alama inatoka.

6. Piga hesabu. Ukitenga shilingi 1,000 kwa kila shuka kurudisha gharama, kifaa cha 65,000 kinahitaji mashuka 65. Je, unayauza kwa muda gani?

Boksi la tatu lipo kwa mweka hazina. Lilitugharimu shilingi 45,000, kwa kuwa mabaki ya plaiwudi tulipewa na fundi seremala. Ubao wa Kariakoo haukutupwa. Wanakopia maua ya leso na magauni ya watoto. Hela ya mbegu imerudi, ingawa ilichelewa msimu mmoja.

Siku hizi nikifika na kitu kipya, hata kama ni mbegu, mweka hazina ananiuliza kabla sijakaa, "Umeshakijaribu kwako?" Nawe niulize hivyohivyo.

Wiki ijayo turudi kwenye matuta.