Ndege ya Punda Milia na Baiskeli ya Baba

Nilipokuwa darasa la sita nilidanganya. Mwalimu wa Kiswahili alitupa insha, "Shujaa Wangu", nami nikaandika kwamba baba yangu ni rubani. Si rubani wa ndege kubwa, maana hilo hata mimi niliona haliwezi kuaminika, nyumba yetu ya Nguvumali ilivyokuwa. Nikampa ndege ndogo. Nikaandika kwamba anaruka peke yake kwenda mbali, Kigoma, Songea, Bukoba, kupeleka dawa kwa ajili ya taifa. Nilipata kumi na nane juu ya ishirini, na mwalimu akaisoma mbele ya darasa zima.

Msomaji mwenzangu, kama umekulia Tanga utanielewa. Ndege tunazozijua sisi ni hizi ndogo zinazokwenda na kurudi Pemba na Unguja. Zinapita chini kiasi kwamba mtoto anaweza kujidanganya kuwa rubani amempungia mkono. Mimi kila niliposikia mlio nilitoka mbio nje, hata kama mdomo umejaa uji. Kwa hiyo uongo wangu haukutoka mbali. Ulitoka juu ya paa letu.

Ukweli ni kwamba baba alikuwa bwana mifugo. Chombo chake kilikuwa baiskeli, na nyuma yake alifunga boksi la barafu lenye chanjo kwa mpira wa tairi la zamani. Jumatatu alfajiri baiskeli ilipandishwa juu ya basi la Handeni, yeye akaingia ndani, halafu kule anashuka na kuanza kupiga pedeli kijiji kwa kijiji. Ijumaa anarudi, suruali imejaa vumbi, shati linanuka zizi. Mama alimwekea maji ya kuoga uani kabla hata ya salamu kwisha. Mimi nilikuwa najifanya nina kazi ya shule.

Sasa, uongo una miguu mifupi. Siku moja baba alikuja shuleni kulipa mchango, na boksi lake nyuma. Wenzangu wakapiga kelele dirishani: "Rubani kaja! Rubani kaja!" Baba alisikia. Mwalimu alimweleza nini sijui. Wakati wa kurudi alinipakia nyuma, mimi nimekumbatia lile boksi, tukaenda kimya. Tulipokaribia nyumbani akasema, bila kugeuka:

"Sasa hiyo ndege yangu, mwanangu, tutaiegesha wapi? Maana uani hapatoshi."

Hakusema neno jingine, siku ile wala baadaye. Angenichapa ningesahau.

Nimekumbuka haya kwa sababu ya kitabu. Juzijuzi, kwa muuza vitabu vya mitumba kule Ngamiani, nilikuta kitabu kikuukuu cha Kiingereza kinachohusu Serengeti, jalada limekatika. Nilikinunua kwa bei ya sahani ya chipsi. Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimempata yule rubani wangu wa darasa la sita, tena wa kweli.

Alikuwa Michael Grzimek, Mjerumani. Baba yake, Bernhard, alikuwa mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Miaka ile ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikuwa inataka kubadili mipaka ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, na kuikata nyanda za mashariki. Lakini hakuna aliyejua kwa uhakika wanyama ni wangapi wala wanahamia wapi kila msimu. Utakataje mpaka wa kitu usichojua kinalala wapi?

Basi hao wawili, mtu na mwanawe, wakajifunza urubani kwa ajili ya kazi hiyo. Wakanunua ndege ndogo ya injini moja, Dornier Do 27, wakaipaka mistari myeusi na myeupe kama punda milia. Herufi zake za usajili zilikuwa D-ENTE, na kwa Kijerumani "Ente" ni bata. Mwishoni mwa 1957 wakaruka na bata wao huyo mwenye ngozi ya punda milia, wakaivuka Bahari ya Kati, wakashuka na bara la Afrika mpaka Serengeti. Hata ukipiga mstari ulionyooka ni zaidi ya kilometa 6,000, na ndege ya namna ile hainyooshi mstari, inaruka kituo hadi kituo ikitafuta mafuta.

Ndege ile iliweza kwenda polepole sana na kutua kwenye kipande kifupi cha nyasi. Wakaigawa nchi vipande vipande na kuhesabu kutoka juu. Walipata wanyama wakubwa 366,980. Wakagundua pia kwamba nyumbu, katika kuhama kwao, hawakuijua kabisa mipaka mipya iliyochorwa ofisini. Tarehe 10 Januari 1959 ndege iligongana na tumbusi angani, ikaanguka. Michael alikuwa na miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Baba yake akamaliza kitabu na filamu, na filamu hiyo ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Bernhard alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa yakazikwa kando ya mwanawe.

Miaka 24, jamani! Mimi nina miaka miwili zaidi na sijawahi hata kufika Serengeti.

Niliandika kurasa nane kwa pupa, nikazipeleka kijiweni. Tuna kijiwe chetu, washkaji watano tunaojiita waandishi, tunakutana usiku pembeni ya ghala moja hapa Nguvumali kwa sababu pana taa. Mlinzi wa ghala ni mzee wa Kimasai. Tunamwita babu, na yeye hutusikiliza tukisomeana, fimbo imelala magotini, haongei. Nilisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. Nilipofika penye tumbusi, mwenzetu mmoja alifuta jicho. Nikajua nimeiva.

Babu akakohoa. "Kijana, huyo mtu alihesabu wanyama?"

"Ndiyo, babu. Laki tatu na sitini na sita elfu, mia tisa na themanini."

"Ng'ombe alihesabu?"

Nikamwambia hesabu ile ilikuwa ya wanyama pori. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu alilolitegemea. Halafu akatueleza kwamba babu yake yeye alizaliwa Moru, ndani ya Serengeti, na kwamba mwaka 1959, mwaka uleule wa ile ajali, Wamasai walihamishwa kutoka hifadhini kwenda upande wa Ngorongoro. Walikwenda kwa miguu na ng'ombe wao. "Sisemi alikuwa mtu mbaya," akasema. "Kufa kwa ajili ya kitu si mchezo. Nasema tu, nimesikia nyumbu, nimesikia punda milia, nimesikia mzungu. Sisi sijatusikia."

Kijiwe kikanyamaza. Kwa kweli nilichukia. Mtu anasifia kazi yako kwa machozi, mwingine anaitoboa kwa swali moja! Nikakunja karatasi zangu nikaenda nyumbani. Lakini swali lilinifuata, na si swali la kukwepeka, kwa sababu Bernhard Grzimek mwenyewe aliamini wazi kwamba hifadhi ya taifa isikaliwe na watu, hata wenyeji. Na kitu kinapoitwa cha taifa, taifa ni nani?

Baba alikuwa bado macho, barazani, anaziba pancha. Amestaafu, magoti yanamsumbua, lakini baiskeli hajaiacha. Nikamwamkia, nikakaa. Sijui kilichonituma, nikamwuliza kama anaijua habari ya kuhesabu nyumbu kwa ndege.

"Naijua," akasema. "Lakini wewe unajua kwa nini nyumbu wameongezeka?"

Nikamjibu kwamba ni kwa sababu ya hifadhi.

"Hifadhi, sawa. Na sotoka je?"

Sotoka! Neno nililolisikia utoto wangu wote na sikuwahi kuliuliza. Baba akaweka pampu chini. Akanieleza kwamba ugonjwa huo uliingia Afrika Mashariki miaka ya 1890 ukafagia ng'ombe wa wafugaji, mpaka Wamasai wakafa kwa njaa. Ukabaki huku miaka na miaka, unatoka kwa ng'ombe unawaingia nyati na nyumbu, unaua ndama wa nyumbu kabla hawajakomaa. Muguga, karibu na Nairobi, mtaalamu aitwaye Walter Plowright na wenzake wakatengeneza chanjo mpya, nzuri kuliko zilizotangulia. Ng'ombe waliozunguka Serengeti wakachanjwa. Nyumbu hakuchanjwa hata mmoja. Lakini ng'ombe alipopona, na ndama wa nyumbu akapona. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 sotoka ikapotea kwa nyumbu, na kufikia 1977 walikuwa wamepita milioni moja.

Mimi nimekaa tu, mdomo wazi.

"Ndege ilihesabu," baba akasema, "na kuhesabu ni kazi. Bila hesabu hujui kama unapata au unapoteza. Lakini kuna mtu alimshika ng'ombe pembe. Na kuna mfugaji aliyemleta huyo ng'ombe asubuhi, akamwamini mtu wa sindano."

Mwaka 1997 sotoka ilionekana tena kaskazini mwa nchi yetu, karibu na mpaka wa Kenya, ikabidi kuchanja upya kwa haraka. Baba alikuwa miongoni mwa waliopelekwa kuongeza nguvu. Hili nalo nilikuwa silijui. Alikwenda ndani akarudi na daftari la kaunta, karatasi zimekuwa za njano. Kila ukurasa una jina la kijiji, tarehe na idadi. Ng'ombe 212. Ng'ombe 87, wengine wamekimbia. Ng'ombe 340, mvua, tumelala kwenye boma, wametupa maziwa. Pembeni ya ukurasa mmoja ameandika kwa penseli: barafu imeyeyuka, chanjo imemwagwa, turudi kesho.

Nilisoma daftari lile kwa tochi ya simu mpaka jogoo wa jirani alipowika. Swali la babu, ng'ombe alihesabu, jibu lake lilikuwa ndani ya kabati letu.

Sasa nikwambie jambo ambalo linaniuma zaidi ya ule uongo. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetokomezwa duniani kote. Katika historia ya binadamu ni ugonjwa wa pili tu kumalizwa hivyo, baada ya ndui. Ni mwaka uleule niliokuwa darasa la sita. Na nakumbuka vizuri, jioni moja baba alikuwa na redio sikioni, akaiteremsha, akasema, "Wameimaliza." Macho yake yalikuwa na maji. Alitaka mtu wa kumwambia. Mama alikuwa sokoni, nilikuwepo mimi peke yangu. Wakati uleule ukapita mlio juu ya paa, nami nikatoka mbio kuangalia ndege.

Sijamvua Michael Grzimek ushujaa wake. Kijana anayetoka kwao na chombo chenye injini moja, akaruka mpaka nchi ya watu kwa sababu ya wanyama ambao si wake, huyo hata leo ananitetemesha. Ila nimejifunza kwamba jambo la taifa halibebwi na chombo kimoja. Kuna anayelitazama kutoka juu, kuna anayelisukuma kutoka chini, na kuna anayehamishwa ili lipate nafasi. Mwandishi akiwaandika wa juu peke yao, ameandika nusu ya insha, hata kama mwalimu atampa kumi na nane.

Nimezichana zile kurasa nane nikaanza upya. Jumamosi iliyopita nilimwomba babu mlinzi aje kwetu kunywa chai. Yeye na baba walikaa barazani toka alasiri hadi magharibi wakitaja majina ya vijiji na magonjwa ya ng'ombe, wakicheka kwa mambo ambayo mimi sikuyaelewa. Nilikuwa naandika tu.

Walipomaliza nikawasomea hii unayoisoma sasa. Nilipofika penye insha ya darasa la sita sauti ilinikwama, lakini nikasoma yote. Baba alisikiliza hadi mwisho, akajikuna goti.

"Umesahau kitu," akasema. "Baiskeli yenyewe ilikuwa haina breki."