Alama za Moyo

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Je, wangesemaje kuhusu mwana amfichaye mzazi maradhi ya mzazi huyo?

Binti mmoja, mwanafunzi wa Kiswahili wa mwaka wa tatu, alikabidhiwa bahasha katika hospitali moja mjini Mombasa. Mlikuwa na majibu ya vipimo vya mamake, mwalimu mstaafu: kipimo cha umeme wa moyo, na picha ya moyo iliyopigwa kwa mawimbi ya sauti. Daktari wangemwona baada ya juma moja. Katika matatu ya kurudi Voi, mama akisinzia na miguu imevimba, binti aliifungua bahasha. Miongoni mwa istilahi asizozielewa, jicho lake lilinasa kwenye tarakimu moja: asilimia 45.

Kwa mtu aliyelelewa na mitihani, alama hiyo ilikuwa na maana moja tu. Moyo wa mama ulikuwa umeanguka. Uliosalia haukufika nusu. Mama alipozinduka na kuuliza, alijibiwa, "Wamesema ni uchovu tu, Mama."

Juma hilo mama alilala ameegemea mito mitatu, pumzi zikimpaa kila alipojinyoosha. Binti alilia jikoni. Siku ya miadi ilipowadia, alikwenda peke yake.

Daktari alimchorea moyo kwenye karatasi. Kila pigo linapopiga, alieleza, chumba cha chini cha kushoto husukuma nje sehemu tu ya damu iliyomo. Moyo wenye afya husukuma takribani asilimia 55 hadi 70. Hakuna usukumao 100. Kwa hivyo 45 hulinganishwa na 55, wala si na 100. Msuli ulikuwa umedhoofika kiasi, yamkini kutokana na shinikizo la damu la miaka mingi. Dawa zilikuwapo. Chumvi ipunguzwe, na uzani upimwe kila asubuhi, kwani uzani unaopanda ghafla huashiria maji yanayojikusanya mwilini. Kisha akauliza, "Na mgonjwa mwenyewe yuko wapi?"

Binti hakuwa na jibu. Alijua kupiga moyo konde, kufa moyo na kutiana moyo. Lakini nahau hizo zote hazikumwezesha kumwambia mamake neno moja la kweli.

Jioni hiyo alisema yote. Mama aliomba karatasi, akavaa miwani, akaisoma polepole.

"Mwanangu," alisema hatimaye, "nimesahihisha mitihani miaka thelathini. Sikuwahi kutoa alama kabla ya kusoma swali. Na mtahiniwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kurudishiwa karatasi yake."

Hakusema zaidi. Asubuhi iliyofuata alipanda mizani, akafungua daftari jipya, akaandika uzani wake kwa wino mwekundu.