Nilikwenda Bukoba Kuitafuta Ulaya

Ndugu msomaji, kuna mji mmoja huko Canada unaoitwa Quebec. Wanaoujua husema kwamba ukiingia humo unaweza kuapa umevuka bahari na kutua Ufaransa. Nyumba ni za mawe, vichochoro ni vyembamba vya kupanda na kushuka, makanisa yana minara mirefu, na watu husalimiana kwa Kifaransa. Mji wa kale umezungushiwa ukuta wa zaidi ya kilomita 4, na kaskazini ya Mexico hakuna mji mwingine uliobakiwa na ukuta wake namna hiyo. Mfaransa Samuel de Champlain aliuanzisha mwaka 1608 kando ya mto St. Lawrence, na mwaka 1985 UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia. Juu ya mwamba, likiutazama mto, limesimama jengo kubwa la paa za kijani, mithili ya kasri la mfalme wa hadithini. Linaitwa Château Frontenac.

Haya yote niliyasoma katika kitabu cha picha kilichoachwa parokiani kwetu, Muleba, na padri mmoja mzee. Shirika la Mapadri Weupe, ndio hao waliotuletea Ukatoliki, lilikuwa na nyumba Quebec tangu mwaka 1901, kwa hiyo si ajabu kitabu cha namna hiyo kufika hadi migombani kwetu. Nilikisoma mpaka jalada likachomoka. Nilipomaliza kidato cha nne na kuanza kuandika riwaya, nilimpa mhusika wangu chumba katika mji wa kale wenye ukuta, kengele na barabara za mawe. Lakini nauli ya kwenda kuuona mji kama huo ni ya nani? Hata pasi ya kusafiria sina.

Basi, mwezi wa nne mwaka jana, shangazi yangu aliyeko Bukoba alituma ujumbe. Nyumba aliyopanga inabomolewa, amepewa siku kumi, anahitaji mtu wa kumsaidia kuhama. Baba akanitazama na kusema, "Wewe ndiye huna kazi. Nenda." Nikachukua daftari langu. Nilikuwa nimewasikia wazee wa kwetu mara nyingi wakisema kwamba Bukoba ya zamani ilikuwa Ulaya ndogo. Nikasema moyoni, kama sifiki Quebec, nitakwenda kuiona Ulaya ya karibu.

Safari ya Muleba hadi Bukoba haina maajabu kwa mwenyeji. Ni hiace iliyojaa kupita kiasi, mtoto wa mwenzako mapajani mwako, mikungu ya ndizi juu ya paa. Mnapita Muhutwe, mnapita Kemondo ambako meli zilikuwa zikitia nanga, mvua inanyesha, inaacha, inanyesha tena. Halafu mnateremka na ziwa linafunguka mbele yenu, na kisiwa cha Musira kimekaa pale majini kama kofia iliyosahauliwa.

Siku ya kwanza shangazi alikuwa bado anatafuta chumba kingine, nikapata nafasi ya kutembea. Nilivuka mto Kanoni nikaelekea ufukweni, kwani mji ulianzia huko. Mwezi wa Novemba 1890 alifika hapo Emin Pasha akijenga kituo kwa niaba ya Wajerumani. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer, daktari aliyezaliwa Silesia, aliyejipa jina la Kituruki na kuwahi kuwa gavana kusini mwa Sudan. Hakukaa sana. Alimwachia kituo mwenzake Langheld, akaelekea Kongo, na huko aliuawa mwaka 1892.

Hapo nilisimama nikapiga hesabu. Château Frontenac, lile kasri la kitabuni, lilifunguliwa mwaka 1893. Tena halikuwa kasri la mfalme yeyote. Ni hoteli iliyojengwa na kampuni ya reli ya Canadian Pacific ili wasafiri wenye fedha wapate mahali pa kulala na kitu cha kutazama. Kumbe boma letu la Bukoba limelitangulia kasri lile kwa miaka mitatu! Nilicheka peke yangu barabarani, mwendesha bodaboda mmoja akanigeukia akidhani nimerukwa na akili.

Ukitaka kuona mabaki ya Wajerumani Bukoba, yapo. Kuna majengo yao ya kuta nene karibu na ziwa. Kuna Duka Kubwa, ambalo wenyeji husema lilikuwa duka la kwanza la maana mjini. Kuna makaburi yao, nyasi zimeyaparamia. Nilikaa hapo karibu na makaburi, nikaandika maelezo ya mawe na miti. Lakini mengine mengi hayapo, na hayapo kwa sababu. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 Waingereza walikuja kwa meli kutoka Kisumu, wakapigana na Wajerumani hapo kwa siku mbili, wakaiteka Bukoba, wakaangusha mlingoti wa simu ya upepo na kuibomoa ngome. Kisha askari wao waliupora mji, wakapanda meli zao na kurudi walikotoka. Wazungu walikuja kubomoa Ulaya ya Wazungu wenzao mbele ya migomba ya Wahaya.

Quebec nayo ina kisa chake kama hicho. Tarehe 13 Septemba 1759 Waingereza waliwashinda Wafaransa katika uwanda ulio nje tu ya ukuta, vita visivyofika hata saa moja, na majemadari wote wawili wakafa kwa majeraha yao. Ila kuna tofauti. Wafaransa wa Quebec walibaki, wakazaa, wakaendelea na lugha yao mpaka leo. Wajerumani wa Bukoba waliondoka na hawakuacha mtu wa kuwasimulia. Tunaowasimulia ni sisi.

Nasi tunawasimulia namna gani? Babu yangu alisimuliwa na baba yake kwamba watu wa Ihangiro walikuwa wakiitwa na watemi wao kwenda kubeba mawe na mbao, na mtu hakuuliza malipo. Ukuta mnene tunaousifu una mgongo wa mtu ndani yake. Nilipouweka mkono wangu juu ya ukuta wa jengo moja la zamani, sikusikia kitu cha ajabu kama wanavyosikia watu katika riwaya. Ulikuwa ukuta tu, wenye ubaridi na ukoga. Lakini niliacha mkono wangu hapo kitambo kidogo.

Jioni nilirudi kwa shangazi. Nyumba yake, yaani chumba chake, ilikuwa uani mwa duka la zamani la Kihindi, moja ya yale ya katikati ya mji yenye baraza mbele, nguzo, na mapambo ya saruji juu ya paa. Tarehe ya ujenzi ilikuwa imeandikwa juu kabisa, ila chokaa imeila na tarakimu hazisomeki. Mimi nilikuwa nimeitazama ile baraza tangu asubuhi, nikaisifu.

"Shangazi, mnaishi katika urithi. Huko ng'ambo watu wanalipa fedha kuja kutazama nyumba kama hii."

Alikuwa anakunja mikeka. Hakuinua kichwa. "Wakija waambie wanilipie na kodi ya mwezi wa tatu."

Kisha alinishika mkono akanionyesha ufa. Ulianzia juu ya dirisha ukateremka mpaka sakafuni, kiasi cha kupitisha vidole viwili. Ulikuwa wa tarehe 10 Septemba 2016, siku ya Jumamosi alasiri, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipoutikisa mkoa wetu. Watu zaidi ya 15 walifariki, mamia waliumia na maelfu ya nyumba yaliharibika. Ihungo, ile shule kongwe ya mlimani, iliharibika hadi ikabidi ijengwe upya. Shangazi siku hiyo alikuwa sokoni. Aliporudi alikuta kabati limelala juu ya kitanda.

"Toka siku hiyo," alisema, "nalala nimegeuzia kichwa mlangoni. Wewe unaona mapambo, baba. Mimi naona huu."

Sikuwa na jibu. Tuliendelea kufunga vyombo.

Nilimuuliza nyumba ni ya nani. Akanieleza kama alivyoelezwa na wapangaji waliomtangulia. Wahindi walioijenga walikaa mbele na duka lao la vitambaa, wakaishi nyuma. Mwaka 1971 ilipotoka sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, Wahindi wengi nchini waliona hawana kesho hapa. Familia ile iliuza vitu ikaondoka. Nyumba ikapita mikono hii na ile, na sasa iko kwa mwenyewe anayetaka kujenga ghorofa.

"Walikwenda wapi?"

"Canada," alisema. "Wanasema Canada."

Ndugu msomaji, usinicheke, lakini nilikaa chini. Mimi naiota Canada ndani ya nyumba ya watu waliokwenda Canada! Na si wao peke yao. Waasia wengi wa Afrika Mashariki walihamia nchi ile miaka hiyo, na maelfu waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 wakaanzia Montreal, mji ulio kandokando ya mto uleule wa St. Lawrence. M.G. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam, anaishi huko Canada mpaka leo na riwaya zake zimejaa mitaa ya Uhindini na Kariakoo. Yeye yuko kule anaiandika huku. Mimi niko huku nilikuwa naiandika kule. Tumepishana njiani kama meli mbili usiku.

Siku ya pili, kabla gari la mizigo halijafika, shangazi alitaka kwanza apite kanisa kuu. Ni jengo kubwa, la kisasa kwa sura, na ndani yake amelazwa Laurean Kardinali Rugambwa. Alizaliwa Kamachumu mwaka 1912, kwetu Muleba, akasoma seminari ya Rubya, na mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika katika zama hizi. Alifariki mwaka 1997 akazikwa Kashozi, na mwaka 2012 mwili wake ukahamishiwa hapa. Shangazi alipiga magoti kwenye kaburi, akasali kwa Kihaya, sauti ya chini. Mimi niliangalia paa. Dini ilitoka Ulaya, mtindo wa jengo ulitoka nje, lakini aliyelala pale ni mtoto wa mgombani, na mama aliyepiga magoti alikuwa anamweleza habari za kodi kama anavyomweleza jirani. Hapo sikuona Ulaya yoyote. Niliona watu wawili wa Muleba wanazungumza.

Njiani kurudi nilimuuliza shangazi kwa nini sisi Wahaya hatuna mji wa kale. Falme tulikuwa nazo: Ihangiro, Kianja, Kiziba, Karagwe na nyinginezo, na ikulu za wakama zilikuwa na watu wengi. Alinijibu kwamba mushonge hujengwa kwa miti na nyasi, ikichakaa inajengwa nyingine palepale. Kinachodumu ni kibanja. Migomba inakatwa na inachipua, na waliokufa wanazikwa humo humo. "Babu zako wako chini ya migomba," alisema. "Huo ndio ukuta wetu."

Nilikumbuka jambo lililokuwamo katika kile kitabu, kwa herufi ndogo chini ya picha. Kabla ya Champlain palikuwa na kijiji cha wenyeji mahali pale, Stadacona. Mfaransa Jacques Cartier alifika mwaka 1535, na mwaka uliofuata alimchukua mtemi wao, Donnacona, akampeleka Ufaransa. Mtemi yule alifia huko, hakukiona tena kijiji chake. Hata jina Quebec ni la lugha ya wenyeji, maana yake mahali mto unapobana. Kijiji chenyewe mtalii hakioni, kwa sababu kilikuwa cha miti. Sasa nakielewa zaidi kuliko nilivyolielewa kasri.

Mchana tulipakia. Godoro, kinu, mabeseni, kabati lile lililowahi kuanguka, picha ya harusi ya marehemu mjomba. Mafundi walikuwa wamekwisha kufika, wamekaa barazani wanatafuna kahawa, wanangoja mpangaji wa mwisho atoke. Nilimuuliza mmoja wao kama milango itatunzwa. Ilikuwa milango ya mbao nzito, yenye vitasa vya chuma. "Milango ina mteja tayari," alisema. "Kuta ndizo hazina mteja."

Nilitamani kusema nyumba isibomolewe. Ninatamani bado. Mji unaobomoa kila kilicho cha zamani utawaachia watoto vioo na vigae vitupu, na Quebec wenyewe wasingekuwa na ukuta leo kama wasingetokea watu wa kuutetea katika karne ya 19 wengine walipotaka kuubomoa. Lakini ukuta wa kule hauna shangazi yangu anayelala kichwa mlangoni. Anayetaka tuhifadhi nyumba hizi, na mimi ni mmoja wao, aje kwanza na mwashi wa kuziba ufa, kisha ndipo azungumzie mapambo. Bila hivyo tunamwomba mama wa watu ahatarishe shingo yake ili sisi tupate mandhari.

Mhusika wangu amehama. Ameondoka katika mji wa kengele, sasa anaishi uani mwa duka la vitambaa, Bukoba, mwaka 1971, na asubuhi moja anawaona wenye nyumba wanashusha masanduku. Nimeandika kurasa arobaini. Vijana wenzangu mnaoandika, ulizeni nyumba mnazolala zilijengwa na nani na walikwenda wapi. Ulizeni mapema, maana mafundi hawangoji.

Shangazi sasa anakaa Rwamishenye, chumba kipya cha tofali za saruji, hakina baraza wala pambo. Nilipompigia juzi nilimuuliza anakionaje.

"Kibaya," alisema. "Lakini nalala."