Tunaposifu au Kuponda Spika, Tuseme Tulichokisikia



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, leo tunazungumzia jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo: kuwaeleza watu uzuri au ubaya wa spika. Hapa kwetu Buyenzi ikiingia sabufa mpya dukani, haipiti wiki kijana kajirekodi kwa simu akiisifu au akiiponda, na wenzake wananunua kwa neno lake. Baba anatoa akiba ya miezi, madrasa inachangisha, halafu kitu kinakoroma tangu siku ya kwanza. Kumbe aliyesifu alipewa chochote na mwenye duka na hakusema. Hilo sote tunajua ni ghushi, na Mtume (s.a.w.) alimkemea muuza chakula aliyeficha kilicholowa chini ya kikavu. Lakini iko sehemu ngumu zaidi, nayo ni ya mtu ambaye hakuhongwa na bado maneno yake yakapita kiasi.

Kipo kisa cha Marekani. Mwaka 1968 kampuni ya Bose, iliyoanzishwa na Amar Bose, mwalimu wa chuo cha MIT ambaye baba yake alitoka Bengal, ilitoa spika iitwayo 901. Kila sanduku lilikuwa na spika ndogo 9 ndani yake, moja ikitazama mbele na 8 zikitazama nyuma, ili sehemu kubwa ya sauti igonge ukuta kwanza ndipo imfikie msikilizaji. Mwaka 1970 gazeti la Consumer Reports likaipima. Gazeti hilo ni la shirika lililoanzishwa mwaka 1936, halichukui matangazo ya biashara, na vitu linavyopima hulinunua lenyewe madukani. Likaandika kwamba fidla ilisikika kana kwamba ina upana wa futi 10, na kwamba sauti za ala zilielekea kutangatanga chumbani. (Hukumu ya muziki tunawaachia masheikh, si mada ya leo.)

Bose wakashitaki. Mahakamani mhandisi aliyeipima akaeleza kuwa sauti ilikuwa ikienda huku na huku kwenye ukuta, kati ya spika mbili. Je, ukutani na chumbani ni mamoja? Jaji akasema si mamoja, akaamuru Bose walipwe zaidi ya dola 115,000. Mahakama ya rufaa ikatengua, na mwaka 1984 Mahakama ya Juu, kwa majaji 6 dhidi ya 3, ikakubaliana na rufaa kwamba kuchagua neno vibaya hakuthibitishi kuwa mtu alisema uongo kwa makusudi.

Sisi tunaona hukumu ile ilikuwa ya haki. Kama kila neno lililokosewa lingelipiwa fidia, nani angethubutu kusema spika ya tajiri ni mbovu? Hata hivyo ilikuwa miaka 14 ya mvutano kwa sababu ya neno moja ambalo masikio hayakulisikia, na wino haukuwa ghali. Muislamu anayeeleza bidhaa ni shahidi, na Suratun Nisaa aya ya 135 inatutaka tusimamie ushahidi wa haki hata ukituumiza wenyewe. Suratul Maida aya ya 8 nayo inatukataza kuacha uadilifu kwa sababu ya kuwachukia watu. Tunawafikiria hapo vijana wetu wanaoiponda kila spika ya Kichina kabla haijachomekwa kwenye umeme!

Na macho huyadanganya masikio. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive waliwasikilizisha watu 40, wafanyakazi wa kampuni ya spika, mara nyingine spika zikiwa nyuma ya pazia, mara nyingine zikionekana. Zilipoonekana alama zikabadilika, na ile ndogo ya bei nafuu ikashuka, ingawa sauti yake ilikuwa ileile. Isitoshe, ukilinganisha spika mbili na moja ikapigwa juu kidogo kuliko nyingine, aghalabu watu wataipenda hiyo ya juu. Basi muuzaji mjanja anajua wapi pa kuweka mkono wake.

Lipo pia suala la namba. Boksi limeandikwa kwa maandishi makubwa PMPO wati 8000. Geuza spika usome kibandiko cha nyuma, utakuta inatumia umeme wa wati 60 tu. Sasa hizo 8000 zitatoka wapi, na spika haiwezi kuendelea kutoa zaidi ya inachopokea? Namba yenye maana ni ile ya RMS. Mwanafunzi anayesoma namba ya mbele mbele ya simu yake anapunja kipimo kwa niaba ya mwenye duka, na Suratul Mutaffifin tunaisoma kila siku madrasa.

Kamati ya msikiti nayo inatafuta spika. Tumewaomba watakaozipima wazifunike kwa pazia, wazilinganishe kwa sauti sawa, kisomo kiwe kilekile kimoja, na mwenye undugu na mwenye duka aseme mapema. Wasikilizaji wawe pamoja na wazee wa safu ya nyuma na kina mama upande wao, maana ndio wanaoteseka na mwangwi wakati wa khutba.

Wabillahi tawfiq.